LEZA NA JICHO: MAMBO YA KUJUA KABLA HUJALALA KITANDANI

Katika shule yetu hii hakuna darasa lisilo na wavaa miwani, na hakuna mvaa miwani asiyepachikwa jina. Kuna aitwaye Profesa, kuna aitwaye Macho Manne, na mimi mwenyewe tangu Kidato cha Kwanza naitwa Chupa. Sina kinyongo; utani ni utani. Lakini mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi, bwenini kwa jirani zetu na njiani tukirudi nyumbani: ati kule Nairobi kuna mashine ya leza inayokutengeneza macho kwa dakika kumi, ukaitupa miwani mtoni?

Mashine ipo, na watu wengi imewafaa. Ila kati ya "ipo" na "yakufaa wewe" pana mto mpana, na makala haya ni ya kuuvuka mto huo. Kwetu nyumbani jambo hili halikuwa la soga tu. Lilikuwa la mtamba ambaye nusura auzwe na la macho ya kaka yangu. Nitamfikia kaka baadaye. Kwanza tulifahamu jicho lenyewe.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanakumbuka somo la kupinda kwa nuru katika Fizikia. Lenzi zatungoja Kidato cha Nne, lakini tunayoyajua yatosha. Nuru ikitoka hewani na kuingia katika kitu kingine hupinda. Katika jicho, mahali inapopinda zaidi si kwenye lenzi ya ndani kama wengi tunavyodhani. Ni kwenye konea, lile ganda angavu lililo mbele ya mboni kama kioo cha saa. Konea peke yake hufanya karibu thuluthi mbili za kazi ya kuikusanya nuru. Lenzi ya ndani humalizia, kwa kunenepa na kukonda kadiri unavyotazama karibu au mbali.

Nuru ikikusanyika sawasawa juu ya retina, kule nyuma ya jicho, waona vyema. Jicho likiwa refu kupita kiasi, nuru hukutana kabla ya kuifikia retina, na hapo ubao wa mwalimu hugeuka ukungu. Hilo ndilo tatizo langu, na ndilo la wavaa miwani wengi wa shule. Jicho likiwa fupi, shida ni kinyume chake. Tena wako wenye konea isiyo ya mviringo safi kama mpira, bali imepinda kama mgongo wa kijiko. Hao huona herufi zina vivuli au zimevutwa upande. Miwani hurekebisha haya yote kwa kuipinda nuru kabla haijafika jichoni. Leza yafanya jambo jingine kabisa: yaichonga konea yenyewe. Kwa asiyeona mbali huisawazisha katikati ili ipunguze nguvu, na kwa asiyeona karibu huichonga pembezoni ili pale katikati paumuke zaidi.

Sasa sikiliza unene wa kitu kinachochongwa. Konea ya mtu mzima, pale katikati, ina unene wa mikroni 540 hivi. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Basi konea yako ni nene kama karatasi tano au sita za fotokopi zilizobanwa pamoja. Hiyo ndiyo akiba yote uliyo nayo, na ikishachongwa hairudi. Nataka msomaji aikamate nukta hiyo, kwa sababu karibu kila onyo linalofuata linatoka hapo.

Huenda ukauliza ni nani aliyethubutu mara ya kwanza kuelekeza leza kwenye jicho la mtu. Kisa chenyewe kina bata mzinga ndani yake. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka wa 1960 na Mmarekani Theodore Maiman, lakini leza za siku hizo zilichoma. Mwaka wa 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, wanasayansi Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walikuwa wakifanya kazi na leza ya namna nyingine, itoayo nuru isiyoonekana kwa macho. Baada ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Srinivasan alikuja kazini na mabaki ya bata mzinga. Wakaielekeza leza kwenye mabaki hayo. Kumbe! Ilichora mfereji safi wenye kingo kali, na nyama ya pembeni haikuungua hata kidogo. Nuru hiyo haikaangi. Hukata vifungo vinavyoshikanisha molekuli, na kila mpigo mmoja huondoa kama robo ya mikroni tu. Unywele wa kichwa chako ni mamia ya mipigo hiyo.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1983, daktari wa macho Stephen Trokel wa New York alishirikiana na Srinivasan kuijaribu leza hiyo kwenye konea za ng'ombe. Mwaka wa 1988 Daktari Marguerite McDonald, huko huko Marekani, aliitumia kwa binadamu mwenye jicho lililokuwa likiona, jicho ambalo lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliiruhusu kutumika kwa wagonjwa wa kutoona mbali mwaka wa 1995. Kati ya bata mzinga na ruhusa hiyo ilipita miaka kumi na minne, na mimi nayapenda majaribio ya mwendo huo kuliko matangazo yasemayo "fika leo".

Kabla ya leza kulikuwa na kisu. Katika miaka ya 1970 Daktari Svyatoslav Fyodorov wa Moscow aliwapasua watu wengi mikato membamba kwenye konea, kama miale ya jua anayochora mtoto, ili ganda lilegee na kujisawazisha. Wengi waliona vizuri, ila konea zilibaki zikiyumba. Daktari Mmarekani aitwaye Beck Weathers, aliyefanyiwa upasuaji huo wa mikato, alipanda mlima Everest mwaka wa 1996. Kule juu ambako hewa ni haba konea zake zilibadilika umbo, macho yakazimika, akakwama mlimani na dhoruba ikamkuta huko. Aliponea chupuchupu. Mikato hiyo imeachwa karibu kila mahali, na leza ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Leza nayo hutumiwa kwa njia zaidi ya moja, na mgonjwa anapaswa kujua anafanyiwa ipi. Njia ya kwanza na ya zamani ni kuondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea, kisha leza huchonga, halafu ngozi hiyo huachwa iote upya. Huuma siku kadhaa, na macho huchukua wiki nyingi kutulia. Njia ya pili ndiyo yenye sifa mitaani. Daktari hukata kifuniko chembamba kwenye konea, akakiacha kikishikiliwa upande mmoja kama mlango kwenye bawaba, akakifunua, leza ikachonga chini yake, kisha akakirudisha. Maumivu ni machache na kesho yake wasoma gazeti. Ya tatu ni mpya kuliko hizo: leza ya mipigo mifupi mno hukata kidonge chembamba ndani ya konea, na daktari hukivuta nje kupitia tundu dogo. (Waliovumbua njia ya kuzipa nguvu leza za mipigo mifupi, Donna Strickland na Gérard Mourou, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2018. Wanaosema Fizikia haina faida waniandikie.)

Uzuri wa kifuniko wajulikana. Upungufu wake hausemwi sana. Kifuniko kile hakishiki tena kama kilivyokuwa. Pigo kali la jicho laweza kukisogeza hata baada ya miaka. Kwa hiyo bondia, mpiga karate, au kijana anayetaka kwenda jeshini amwambie daktari mapema, kwani huenda akashauriwa ile njia ya kwanza inayouma. Hapa maumivu ya siku tano ni nafuu kuliko wasiwasi wa miaka.

Turudi kwenye karatasi zetu sita za fotokopi, tufanye hesabu. Tuseme konea ya mwanafunzi wa kwanza ina mikroni 540 na nambari ya miwani yake ni 4 ya kutoona mbali. Kifuniko kitachukua mikroni 110. Leza, ikichonga duara la upana wa milimita 6, huondoa takriban mikroni 12 kwa kila nambari moja, yaani 48. Ukitoa vyote viwili, zinabaki mikroni 382. Sawa. Mwanafunzi wa pili ana konea ya 480 na nambari 8. Kifuniko ni 110, leza ni 96, zinabaki 274. Kwa desturi madaktari hawakubali zibaki chini ya 250, na wengi hawaridhiki hata na hizo 274. Wanafunzi wawili, mashine ile ile, daktari yule yule. Mmoja aambiwa karibu, mwingine aambiwa rudi na miwani yako. Huyo wa pili asidhani amebaguliwa.

Hapa sasa ndipo anapoingia kaka yangu. Ana umri wa miaka ishirini na mmoja, na miwani yake ilikuwa imebadilishwa mara tatu kwa miaka miwili. Akachoka. Rafiki yake akamwonyesha tangazo la pahali pamoja mjini ambapo wangempunguzia bei iwapo angelipa rubuni siku hiyo hiyo. Alisomeshwa herufi za ukutani, akaulizwa maswali mawili matatu, akaambiwa anafaa. Akarudi nyumbani na furaha tele. Mama, ambaye si mtu wa kukataa ombi la mwanawe wa kwanza, akaanza kutafuta mnunuzi wa mtamba. Ila mama ana tabia moja: hanunui hata sukuma wiki kabla ya kuuliza bei vibanda vitatu. "Mwanangu," akamwambia, "macho si sukuma. Twende tukaulize kwingine."

Kwingine huko daktari hakuanza na bei. Alimpima kaka kwa mashine inayochora ramani ya konea kwa rangi. Palipo bapa huwa na rangi ya buluu na kijani, palipoumuka huwa na njano na nyekundu. Nilikuwepo, nikaiona. Jicho la kulia la kaka lilikuwa na doa jekundu upande wa chini kama kaa la moto, na unene wake ulikuwa mikroni 468. Daktari akatueleza kwa upole kwamba konea hiyo inakonda na kuchongoka taratibu kama ncha ya pia. Ugonjwa huo huitwa keratokonasi. Lau angechongwa kwa leza, ukuta uliokuwa tayari dhaifu ungezidi kulegea na kufura, na huenda miwani isingemsaidia tena. Kuna wanaofikia hatua ya kuwekewa konea ya marehemu. Kaka hakusema neno njia nzima.

Nimeandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ugonjwa huo ni wa rika letu. Mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe na kuendelea hadi miaka ya thelathini. Huhusishwa sana na kuyasugua macho, hasa kwa wenye mzio unaowasha, na katika nchi zenye jua na vumbi kama yetu macho ya kuwasha si jambo geni. Sisi wa shule ya kutwa tunaotembea barabara ya vumbi asubuhi na jioni tunajua raha ya kuyapekecha macho kwa vifundo vya vidole. Raha hiyo ina gharama. Dalili zake ni miwani inayobadilishwa kila mara, jicho moja kuharibika kuliko jingine, herufi moja kuonekana ina mwenziwe wa kivuli, na taa za usiku kutawanyika. Ukigunduliwa mapema kuna tiba ya kuuzuia usiendelee: daktari hudondosha vitamini B2 kwenye konea na kuimulika kwa nuru maalumu, nyuzi zake zikashikana na kukazana. Kaka amepewa dawa ya matone ya mzio, amekatazwa kusugua macho, na atapimwa tena ili ijulikane kama ataihitaji tiba hiyo. Na kwa vile ugonjwa huu wakati mwingine hufuata ukoo, mimi Chupa nami nilikalishwa mbele ya mashine ile. Konea zangu ni salama kwa sasa. Nimeagizwa nirudi kila mwaka.

Kwa hiyo la kwanza kabisa la kumwuliza daktari ni hili: je, mmeichora ramani ya konea yangu, na unene wake ni mikroni ngapi? Ukijibiwa kwamba hakuna haja, chukua mkoba wako.

La pili ni umri. Mipaka ya kawaida ni miaka kumi na minane na zaidi, na kwa baadhi ya mashine ishirini na mmoja au zaidi. Hata huo si mpaka pekee. Nambari ya miwani iwe haijabadilika zaidi ya nusu kwa mwaka mzima. Sisi tungali twakua, na jicho hukua na mwenyewe. Ukichongwa leo kwa nambari 3, na jicho likaendelea kurefuka, baada ya miaka miwili utakuwa umevaa miwani tena na konea imepungua bure. Basi wenzangu wa Kidato cha Tatu, hata baba akiwa na mitamba kumi, kwa wengi wetu zamu haijafika.

Kisha kuna mambo ya mwili ambayo mtu huona haya kuyataja, na hayafai kufichwa. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha hungoja, kwa sababu homoni huweza kuibadilisha nambari ya macho kwa muda. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye baridi yabisi ya mfumo wa kinga, mwenye ugonjwa wowote unaopunguza kinga ya mwili, huweza kuchelewa kupona au kuambukizwa upesi. Aliyewahi kupata malengelenge ya jichoni aseme. Hata dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini itajwe, kwani hukausha macho. Macho makavu ndiyo usumbufu mkubwa wa upasuaji huu: leza na kifuniko hukata mishipa midogo ya hisia inayoliambia jicho litoe machozi, na mishipa hiyo huchukua miezi kuota. Anayeingia na jicho kavu hutoka na jicho kavu zaidi.

Wavaao lenzi za kubandika jichoni waziache kabla ya kupimwa, si siku ya upasuaji tu. Lenzi hiyo huikandamiza konea na kuibadilisha umbo, na ramani itakayochorwa itakuwa ya uongo. Zile laini huachwa kwa wiki mbili, ngumu zipitishazo hewa wiki tatu, na zile ngumu za zamani wiki nne. Dada zetu nao waweke kando wanja, rangi za kope na manukato tangu siku ya kabla. Chembe ya wanja chini ya kifuniko haiondoki kwa kupepesa.

Siku yenyewe haitishi kama inavyodhaniwa, wanasema waliopitia. Hulazwi usingizi. Unatiwa ganzi ya matone, kope zinashikwa zisifumbe, nawe unaambiwa ukitazame kitaa kinachometameta. Wakati wa kukata kifuniko, kipete hulibana jicho na kwa sekunde kadhaa huoni kitu au waona giza giza. Ukiambiwa mapema hushtuki. Halafu leza hulia ti-ti-ti kwa muda ambao mara nyingi haufiki dakika moja. Wengi husikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Si moto, ni konea inayogeuka mvuke. Je, ukitikisika? Mashine hulifuata jicho, na likitoroka mbali leza hujizima. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu jioni hiyo macho huwasha na kutiririka machozi kama ya mkata vitunguu.

Kisha kazi inakuwa yako. Hakuna kusugua, hata usingizini, na ndiyo maana hupewa vikinga vya kufunika macho usiku. Matone ya dawa hutiwa kwa saa zilizoandikwa, si unapokumbuka. Hakuna kuogelea mtoni wala kwenye bwawa kwa wiki kadhaa, na mpira na michezo ya kupambana husubiri angalau wiki nne. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au macho yakififia tena, rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe uliyoandikiwa.

Je, matokeo? Hapa nisiwavunje moyo watu bila haki. Uchunguzi wa PROWL uliofanywa Marekani na mashirika ya serikali, matokeo yake yakitangazwa katika miaka ya 2010, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa waliridhika na kuona kwao. Lakini uchunguzi huo huo uliona kwamba katika watu ambao kabla hawakuwa na dosari ya mwangaza, hadi asilimia 46 walikuwa wamepata angalau moja miezi mitatu baadaye: miviringo kuzunguka taa, mng'aro, miale, au kitu kuonekana viwili. Kwa wengi lilikuwa jambo dogo, na waliotatizwa sana nalo hawakufika asilimia 1. Wapo pia wachache mno wanaobaki na maumivu ya muda mrefu. Sasa pima na kazi yako. Mwalimu anayelala saa tatu huenda asiione miviringo hiyo kamwe. Dereva wa matatu ya usiku, mwenye taa za malori usoni kutoka Nakuru hadi Eldoret, ana swali jingine la kujiuliza.

Liko jambo ambalo hata watu wazima hulichanganya. Mtu husikia "leza ya macho" akampeleka bibi yake aliyeingiwa na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyochafuka, na tiba yake ni kuitoa na kuweka ya bandia. Kuichonga konea hakumsaidii bibi. Presha ya macho nayo, na jicho lililoharibiwa na kisukari, kuna leza zake, lakini ni za aina nyingine na kazi nyingine: huokoa macho yasizidi kupotea, hazimwondolei mtu miwani. Vilevile aliyechongwa kwa nambari kubwa asidhani amepata jicho jipya. Konea imebadilika, jicho bado ni refu, na retina ya jicho refu huchanika kwa urahisi kuliko nyingine. Akiona vimulimuli vya ghafla, madoa mengi yanayoelea au pazia jeusi likishuka upande, ni hospitali mara moja, miwani awe nayo asiwe nayo.

Na arubaini je? Lenzi ya ndani hukakamaa na umri, kwa hiyo mtu akifika miaka arubaini na kitu huanza kusoma gazeti akiwa ameunyoosha mkono. Leza ya ujanani haizuii jambo hilo. Watazame walimu wetu wanavyozivua na kuzivaa miwani wakisahihisha insha hizi, kisha umhurumie anayelipa akidhani hatavaa miwani mpaka kaburini.

Mwisho ni karatasi. Ukishafanyiwa, omba nakala ya vipimo vyote vya kabla na baada: unene wa konea, mpindo wake, nambari ya zamani na kiasi kilichochongwa. Ziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Konea iliyokonda huifanya mashine ya kupima presha ya macho isome chini kuliko ukweli, kwa hiyo kila daktari atakayekupima baadaye lazima aambiwe. Na ukijaliwa uzee ukapata mtoto wa jicho, daktari wa siku hizo atapiga hesabu ya lenzi ya kukuwekea kwa kutegemea umbo la konea, na konea iliyochongwa humpotosha asipojua. Kliniki yenyewe huenda itakuwa imefungwa miaka mingi. Kaka, ambaye hakuchongwa kitu, ameikunja ramani yake yenye doa jekundu na kuitia katika bahasha ya kaki, na mama ameiweka sandukuni chini ya hati ya shamba. Mtamba angali zizini. Alizaa mwezi wa Juni.